Sindika iwe na ufunguo wa ordinatere yake

Bandugu wachimbaji, bamama, na ninyi vijana munaosoma gazeti hili mbele baba hajarudi ku posti, tunaomba masikio yenu juu ya kitu kimoja kinachokaa kwenye meza ya ofisi ya sindika: ordinatere. Fikra yetu ni hii. Kila sindika ya mine, na kila nyumba yenye mashine ya zamani, ianze sasa kujifunza Linux. Na tujifunze sisi wenyewe, wazee na vijana, bila kungojea fundi.

Kwa nini sasa? Juu ya tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutunza Windows 10. Mashine haikufa siku ile, ingali inawaka. Lakini tundu ambazo wezi wanagundua haizizibi tena kama zamani. Windows 11 nayo inakataa mashine nyingi za zamani, hata zile zenye nguvu bado. Basi wauzaji wanatuambia: nunueni mpya. Kwa pesa gani? Kotizasio ya mwanachama ni franka zilizotoka mu jasho, na kuna mijane wa kusaidia, kuna avoka wa kulipa. Na tuseme ukweli wote: Windows nyingi zinazotembea huku kwetu ni za kukopi, zilizofunguliwa kwa programu ya kuvunja kufuli, na mara nyingi virusi vinaingia pamoja na ile programu. Unaita fundi. Anatengeneza, unalipa. Mwezi ukiisha, virusi vinarudi, na fundi naye anarudi.

Pesa si jambo kubwa zaidi. Fikirini kilicho ndani ya ile mashine. Kuna majina ya wanachama wote na namba zao za telefone. Kuna makaratasi ya daktari ya wenzetu wanaokohoa vumbi. Kuna barua mbele hazijatumwa, na majina ya wale waliotia sahihi ku malalamiko. Mwaka mmoja mashine ya ofisi yetu ilikaa siku tatu kwa mutengenezaji juu ya virusi. Iliporudi, ilikuwa safi kabisa. Lakini juma ile ile wenzetu wawili waliitwa na wakubwa wao, wakaulizwa juu ya barua ambayo hatukuwa tumeipeleka popote. Hatumushitaki mutu, ushahidi hatuna. Tunasema tu kwamba kapita hampi mutu wa njia ufunguo wa depo, na sindika nayo inaweza kufanya vile vile.

Sasa Linux ni nini? Ni sisteme. Na sisteme ni ile programu ya kwanza inayoamka ukibonyeza kitufe, inayopokea amri na kugawa kazi kwa programu zingine, sawa kapita wa ekipi. Windows ni sisteme. Linux ni sisteme ingine. Ilianza mwaka 1991 ku Helsinki, inchi ya Finland. Mwanafunzi mmoja wa miaka 21, Linus Torvalds, aliandika kiini chake, akawaambia watu kwamba anafanya tu kwa kujifurahisha, haitakuwa kitu kikubwa. Mbele yake, tangu 1983, Mmarekani Richard Stallman alikuwa amekwisha kuanza kazi ya kutengeneza programu ambazo kila mutu anaruhusiwa kutumia, kufungua aone ndani, kubadilisha, na kugawia wengine. Kazi hizi mbili zilikutana. Wafaransa wanaita hiyo logiciel libre. Musichanganye libre na gratuit. Ya bule unaweza kupewa leo na kunyang'anywa kesho. Ya huru, ruhusa imeandikwa, na hakuna wa kuirudisha nyuma. Ukimukopia jirani, wewe si mwizi. Kwetu sisi, tunaojua uzuri polisi anavyoweza kutafuta sababu ku siberi ya mutu, hilo si neno dogo.

Na musifikiri ni kitu kigeni. Telefone ya Android iliyo mu mfuko wako inatembea juu ya kiini cha Linux. Umekuwa nayo miaka, hukujua jina tu. Tangu Novemba 2017, ordinatere 500 zenye nguvu kupita zote duniani, zote zinatumia Linux. Jandarmeri ya Ufaransa ilianza kuweka Ubuntu mu mashine zake tangu 2008, makumi ya maelfu ya mashine. Kwa hiyo mutu anayesema ku bar "kintu ya bule njo kintu ya mubaya", mumuulize kama jandarmeri ya Bafaransa ni bajinga.

Hiyo Ubuntu tuliyotaja ni moja ya aina za Linux. Ilitoka mwezi wa Oktoba 2004, na mwenye kuianzisha, Mark Shuttleworth, alizaliwa Welkom, mu Afrika ya Kusini, muji wa mine za zahabu. (Njo yule yule aliyelipa kwenda juu angani mwaka 2002. Tajiri ni tajiri.) Jina alilichagua ku luga za kule: ubuntu, ndiyo utu. Waluba wetu wanasema bumuntu, hawahitaji kutafsiriwa. Na mwaka ule ule wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi yenye Kiswahili, Jambo OpenOffice, juu ya programu ilikuwa huru na hakuna wa kumuomba ruhusa. Kiswahili chao na chetu havifanani sana, tunajua. Lakini muone kwamba ilifanyika.

Tuje ku kazi yenyewe. Mwanafunzi wa mara ya kwanza anapotea juu ya wingi: aina za Linux ni mamia. Usianze kulinganisha. Sisi tulichagua Linux Mint, ile yenye sura nyepesi inayoitwa Xfce, juu ya mashine zetu ni za zamani na sura yake haiko mbali na Windows. Linux Mint 22 inatunzwa hadi 2029. Inaomba mashine ya bit 64, memwari ya giga 2 hivi, lakini 4 ni nzuri zaidi. Uzito wake ni karibu giga 3. Hapo njo maumivu, forfe ya giga 3 si ya kuchezea. Lakini ukumbuke ruhusa: mutu mmoja akishusha, muji mzima unaweza kukopi. Kle USB moja ya giga 8 inatosha kutembea kutoka Kolwezi hadi Likasi, nyumba kwa nyumba.

Kle ile ikishatengenezwa, unaichomeka, unawasha mashine huku unabonyeza F12, ao F2, ao Esc, inategemea mashine. Linux inaamka kutoka ku kle bila kugusa diski yako. Hili wengi hawalijui: unaweza kuonja mbele ya kula. Angalia kama sauti inatoka, kama ekrani iko muzuri, kama wifi inashika. Wifi njo inasumbua mara nyingi ku mashine za zamani. Ikikataa, unganisha telefone kwa kamba ya USB, ugawe konekshioni, kisha utafute dawa ya wifi pole pole. Kama kila kitu kinakuchukiza, zima, toa kle, Windows yako ingali palepale.

Siku ya kuweka kabisa, mambo mawili. La kwanza, toa vyote vilivyo vyako mbele: picha za ndoa, buletini za mushahara, orodha za wanachama. Weka ku diski ya inje, fungua ku mashine ingine uone kama kweli vinafunguka. Ukichagua kufuta diski, itafuta, haina huruma. La pili, umeme. Betri za laptopu zetu nyingi zilikufa kitambo, na delestaje haitoi hodi. Ukikatika katikati ya kazi, utaanza upya. Sisi tulifanya asubuhi ya siku ya Mungu, na groupe ya jirani iko tayari. Wakati wa kuweka, kuna mahali inauliza kama unataka kufunga diski kwa siri, kwa Kifaransa chiffrer. Ofisi ya sindika iseme ndiyo. Pale hata mwizi akibeba mashine, hata mutengenezaji akikaa nayo mwezi, haoni kitu bila lile neno la siri. Lakini sikieni vizuri: mukilisahau, hata ninyi hamuingii tena. Kwa hiyo wawili walijue, na karatasi moja ikae imefungwa kwa mutu wa tatu.

Juma ya kwanza ni ngumu, hatutawadanganya. Mutu anatafuta diski C, haioni. Analeta programu aliyokopi ku siberi, haifunguki, juu ya ilitengenezwa kwa Windows. Huku programu zinachukuliwa ku gestionnaire de logiciels, sawa vile unavyochukua ku duka la telefone. Unaandika orodha unaiita Kotizasio, kesho unaandika kotizasio, kisha unashangaa una fishie mbili: kwa Linux herufi kubwa na herufi ndogo si kitu kimoja. Halafu kuna lile dirisha nyeusi, terminali, linalotisha wengi. Kwenye Linux nyingine, ukiandika neno la siri mule ndani, hakuna kinachoonekana, hata nyota. Mwenzetu mmoja wa posti ya usiku alipiga klavye mpaka tukaogopa, anasema imekufa. Haikufa. Inaficha tu.

Neno hilo la siri nalo wengi wanalichukia. "Kila mara inauliza, inauliza!" Haiulizi kila mara. Inauliza ukitaka kugusa moyo wa mashine: kuweka programu, kutoa programu, kubadilisha mipango. Ninyi wa mine munajua hii sheria kuliko mtu wa ofisi. Baruti haichukuliwi na kila mpita njia. Kuna depo, kuna kaye ya kutia sahihi, kuna mutu mwenye leseni ya kulipua. Neno sudo, ambalo utaliona mbele ya amri nyingi, njo ile sahihi. Kwa hiyo usikopi amri usiyoijua ukaibandika mule ndani kwa sababu mutu fulani ameandika ni dawa. Kuna amri fupi, herufi chache, inayofuta vyote bila kuuliza mara ya pili. Uliza mwenzako kwanza, uandike mu kaye kila neno linafanya nini. Kaye yetu imefika ukurasa wa kumi na nane, na imechafuka na chai. Ni kitabu chetu cha masomo.

Sasa tuwajibu wazazi, juu ya neno lao ni la maana. Wanasema: "Mutoto akitafuta kazi ya pointeur, kampuni itamuuliza Excel. Hii Linux yenu itamupoteza." Ni kweli kampuni zinauliza Excel, na hatutaki mutoto wa mtu asimame mbele ya meza ya ajira bila kujua Excel inafanana namna gani. Apate nafasi ya kuigusa. Lakini kichwa cha kazi ile ni kujua kupanga nguzo na mistari, kuandika hesabu inayojifanya yenyewe, kuchuja, kujumlisha. Vyote hivyo viko ndani ya LibreOffice Calc, ambayo inakuja pamoja na Mint, na inafungua fishie za Excel. Aliyejua Calc atajifunza Excel kwa siku chache. Aliyekariri mahali pa kubonyeza tu, siku Excel ikibadilisha sura, anarudi sifuri. Na tusifiche upande wa pili: fishie zenye makro nzito zinaweza kuharibika, na programu nyingi za kulipa mishahara hazitembei ku Linux. Ofisi yenye programu ya namna hiyo iache mashine moja ya Windows, halali, inayotunzwa. Hatufanyi dini.

Tunataka muone Calc inafanya nini mu mukono wa mufanyakazi. Sheria yetu ya kazi ya 2002 inasema masaa 45 kwa juma. Yanayopita yanalipwa na nyongeza: 30 kwa mia kwa masaa sita ya kwanza, 60 kwa mia kwa yanayofuata. Mutu aliyefanya masaa 52 ana masaa 7 ya kupita. Tuseme saa moja ni franka 3.000. Sita yanalipwa 3.900 kila moja, jumla 23.400. La saba linalipwa 4.800. Anadai 28.200 kwa juma ile. Kwa kichwa, ukitoka ku posti ya usiku, utakosea. Kwa tableau, unaandika hesabu mara moja, kisha kila mwanachama anakuja na kaye yake ya masaa, tunaingiza, tunalinganisha na buletini ya mushahara. Juma mbili za kwanza, watu walikuja wachache. Kisha dereva mmoja wa benne akaona tofauti ya franka mingi ku miezi mitatu, akaenda kwa chef du personnel na karatasi iliyochapwa, hesabu zinaonekana moja moja. Walimurekebishia. Tangu siku ile mustari ni murefu, na tulibidi kuweka zamu.

Tena kuna wazee. "Siye bazee, hii mambo ni ya batoto." Hapana, muzee. Wewe umeendesha benne ya tani mia moja kushuka mu karieri wakati wa mvua. Ulifundishwa na nani? Ulikaa kando ya dereva mwenye uzoefu, ukaangalia, ukapewa usukani mahali pa tambarare kwanza. Hata hii inafundishwa vile vile. Sisi tunakaa wawili ku mashine moja: mumoja anashika, mwingine anaangalia na kusoma kaye. Kisha wanabadilishana. Aliyejua haruhusiwi kugusa panya ya mwenzake. Hiyo sheria vijana wanaichukia, juu ya mukono wao unawasha. Lakini kijana akikufanyia, utarudi kesho na swali lile lile.

Na bamama? Tuliona mu ofisi nyingi kwamba mama njo anayeandika barua, njo anayeshika kaye ya pesa, lakini siku ya mafundisho viti vinajaa wanaume, yeye anatumwa chai. Hii iishe. Mwenye kushika kaye ya pesa awe wa kwanza ku klavye. Wake za wachimbaji wenye likelemba zao nao waje. Hesabu ya likelemba ya watu ishirini ni somo zuri la Calc kuliko mifano yote ya vitabu, na kila mutu mule ndani anataka hesabu iwe ya kweli.

Kwa wadelege wenzetu tuna ombi moja la haraka. Mu mikutano ya bajeti inayokuja, wengi mutaletewa faktire ya mashine mpya. Mbele ya kupiga sahihi, muulize kama kuna mutu aliyejaribu ile ya zamani na kle. Ijaribuni nusu saa. Kama kweli imechoka, diski inalia, memwari giga moja, basi nunueni, hakuna makosa. Kama inaamka, ile pesa mutajua ya kufanyia.

Sisi tunakaa kila siku ya posho, kuanzia saa tisa, ekipi ya asubuhi ikishatoka, nyuma ya ofisi, ku chumba chenye dirisha la buluu. Mashine ni nne, tatu zinaonyesha Kifaransa, moja tuliiweka Kiswahili na inachekesha watu. Lete kaye, bic, na kle ya giga 8 kama unayo. Wale wa groupe, mukumbuke zamu ya mazuti: juma hii ni ya ekipi ya garaje.